Kitenzi Kimoja cha Kunirudisha Moroni

Mutsamudu, Jumatatu, 11 Agosti 1997

Siku ya kumi na mbili kwa dada yangu Koultoumi. Nilikuja kwa siku tatu! Tangu wakubwa wa hapa watangaze kwamba kisiwa hiki cha Anjouan si Komoro tena, boti ya Moroni haiji, simu haiiti. Na tarehe 24 binti yangu Chifa anaolewa huko Moroni. Nisipofika, mjomba wake Raouf atakaa mahali pangu. Kwetu mjomba haombwi mara mbili.

Naandika Kiswahili kwa sababu Koultoumi hupekua kila karatasi, na Kiswahili hakijui.

Habari njema: wajumbe kutoka nje wanatua uwanja wa ndege wa Ouani siku ya Ijumaa, kisha wanaendelea Moroni. Wanataka mkalimani mmoja wa Kiingereza. Mkalimani anapanda ndege!

Jumanne, 12 Agosti

Nimejiandikisha kwa karani Elamine. Mshindani wangu ni Nourdine, mwalimu wa Kiingereza. Kamusi mbili na kikohozi cha kisomi. Akaniuliza mbele za watu, eti mzee mwenzetu ana vitenzi vingapi vya Kiingereza? Nikasema kimoja. Vicheko!

Wacheke. Hesabu yangu haina kasoro. Kitenzi changu ni "get". Kupata, kuleta, kufika, kuelewa, kuamka, kupanda, kushuka, kulowa, kuzeeka: nimeorodhesha kazi zake ishirini na saba. Yeye ana vitenzi mia, kila kimoja na kazi yake moja. Nani anapata hasara?

Fomu ikauliza kuhusu Kiswahili. Nourdine akachungulia begani kwangu, akasema hiyo ni lugha ya wachukuzi. Mutsamudu nzima inajua kwamba Unguja nilikuwa karani, si mchukuzi. Nikaandika: sijui hata neno.

Alhamisi, 14 Agosti

Mazoezi mbele ya kioo. Koultoumi kaniuliza kama nina homa.

Ukweli, kwa daftari hili tu: sikuwa karani. Nilibeba magunia dukani kwa Mhindi mmoja, Malindi ya Unguja, mwaka 1959. Tajiri alikuwa na "get" toka asubuhi. "Get" gunia, "get" ngazi, "get" nje! Harufu ya karafuu na mafuta ya taa ilinishika hadi kwenye mto wa kulalia. Nilidhani maisha yote yatanukia vile.

Moroni nikamfundisha mke wangu Bahia kitenzi hicho. Nyumba ni yake, kama ilivyo desturi; mimi niliingia na sanduku moja na kitenzi kimoja. Miaka ishirini na sita, kila alfajiri, sauti yake toka jikoni: "Get up, baba Chifa!" Na chai tayari.

Hapa huniamsha jogoo wa Koultoumi. Hana adabu.

Ijumaa, 15 Agosti

Balaa!

Elamine alitupeleka wote wawili Ouani, wageni wachague. Nourdine akatoa sentensi ndefu kuliko uwanja wa ndege. Zamu yangu: wewe "get" ndege, mimi "get" ndege, sisi "get" Moroni. Kila mtu alielewa! Mkuu wa ujumbe akacheka mpaka akafuta macho.

Kisha akauliza, kwa Kiswahili laini cha Dar es Salaam, kama hapa hakuna mtu wa Kiswahili, maana Kiingereza wamekichoka.

Elamine alikuwa na fomu yangu mkononi. Nourdine alikuwa ananitazama. Nikainama kufunga kamba ya kiatu.

Nyuma yetu akaitika mzee Fakri wa Hombo, muuza karafuu, aliyekuja kutazama ndege tu. Alaa, wanangu, mimi nakijua! Akapanda na kandambili zake. Kandambili!

Jumatatu, 18 Agosti

Fakri karudi. Alimwona Bahia. Raouf keshashona joho. Bahia kamwambia alikunje: ndoa haifungwi mpaka baba wa binti awepo, hata wageni wakiishiwa na hamu ya pilau.

Kwangu kaleta neno moja la Bahia. Fakri alilishika njia nzima, akiogopa kulidondosha: "Get."

Nikatoka uani kidogo. Vumbi la jogoo yule, machoni.

Kazi ya ishirini na nane: rudi nyumbani.

Fakri anasema wajumbe wanapita tena Alhamisi. Yeye goti linamuuma, hapandi tena. Wanataka mtu mwingine wa Kiswahili, yeyote yule, na kiti kipo. Akanitazama sana. Akasema anamkumbuka kijana mmoja wa kwetu pale Malindi, mbeba magunia, akiimba taarabu ngazini. Hodari kweli, mwanangu, Kiswahili chake asali.

Nikamwambia hakuwa mimi. Nilimwambia kwa Kifaransa.

Lakini njia nimekwisha kuiona. Nourdine kaniazima kamusi moja ya Kiingereza, ile ndogo. Kufikia Alhamisi nitakuwa na vitenzi viwili.