Vita vya Venant Kulinda Masikio ya Mama Mkwe

Njoni nyote sikizeni, mlio mbali na kando,
Wekeni bia mezani, wekeni chini na nyundo,
Nawapa ya ushindani, yenye mbio na kishindo,
Shujaa wa sinemani, asifiwe kwa vitendo!

Acheni bugali ipoe, enyi watu wa Bukavu, wa Kadutu na wa Ibanda. Zimeni redio. Mmesikia habari za wafalme waliovuka mito na majeshi yao, na za majemadari waliolala juu ya ngao. Hizo ni hadithi za kulazia watoto. Leo sikieni ya mtu aliyemtembeza mama mkwe wake katikati ya soko la Nyawera, mchana kweupe, akamfikisha kwenye matinée, sinema ya alasiri ya Jumapili, bila neno moja baya kumwingia sikioni.

Ilikuwa katika miaka ile ambayo nchi iliitwa Zaire, na mto Zaire, na pesa pia Zaire. Tai ya shingoni ilipofukuzwa kama mwizi wa kuku, na majina ya ubatizo yakaamriwa yajifiche. Yakajificha ofisini. Mtaani yaliendelea kutembea bila viatu, maana mtu aliyekuazima chumvi kwa jina moja huwezi kumrudishia kwa jina lingine. Hivyo shujaa wetu aliitwa Venant, mwana wa Aloys, mshonaji wa abacost, zile suti zisizovaliwa na tai, Sindano-Isiyopinda, Simba wa Benchi la Mbele. Na Simba huyo alikuwa na jeraha.

Hakuchomwa mkuki. Alichomwa na filamu.

Jina lake la Kifaransa hakuna aliyelishika; mji wote uliiita Filamu ya Kitambaa, kwa sababu mkuu wa wanyang'anyi alifunika uso kwa kitambaa cheusi tangu mwanzo, na uso wake haukujulikana ila mwishoni kabisa. Siku Venant alipoiona mara ya kwanza, uso ule ulipofunuliwa, aliruka benchini, akampiga jirani kichwa, akapoteza kiatu cha kushoto, akalia, akacheka, akatoka nje akitetemeka kama jani la mgomba, na hajawahi kuwa na heri kubwa zaidi maishani. Akarudi kuiona tena. Safari hii uso ulipofunuliwa alikuwa anaungoja, kama mtu anayengoja kurudishiwa chenji. Akarudi tena, akajikuta anaangalia mshono wa koti la mnyang'anyi. Nyama ya furaha ilikuwa imeliwa, umebaki mfupa.

Ndipo Venant akatamani jambo ambalo mwanadamu hapewi: asijue anachokijua. Alikunywa kasiksi, pombe ya ndizi, siku nzima ili asahau. Akasahau njia ya nyumbani, akasahau kofia yake, akasahau jina la bosi wake, filamu hakuisahau. Akakaa miezi bila kupita mbele ya jumba la sinema. Wapi! Akifumba macho, kitambaa kinaanguka.

Kisha habari ikapanda kutoka bandarini: makopo ya Filamu ya Kitambaa yameshuka kwenye meli ya kutoka Goma, itaonyeshwa Jumapili mara moja tu, halafu inakwenda Bujumbura na hairudi tena. Venant akaweka mkasi chini.

"Clémence," alimwambia mke wake, kwa sauti ya jemadari aliyezingirwa, "moto ukizimika kwako unafanya nini?"

"Ninaenda kuomba kaa kwa jirani."

"Njo vile, ndivyo kabisa! Moto wangu ulizimika. Nitafute mutu mwenye hajaona ile filamu, mwenye hajaisikia hata kidogo, nikae karibu yake. Akishituka, labda cheche moja itanirukia na mimi. Wewe unaweza—"

"Mimi?" Clémence akaacha kuchambua maharagi. "Siku ile ulinielezea yote mpaka asubuhi. Ulinifanyia na farasi. Uliniangusha kwenye kitanda ukisema njo korongo!"

Venant akainamisha kichwa, maana ilikuwa kweli. Na mji mzima ulikuwa hivyo hivyo, kwa kazi ya mtu mmoja: Gaston, Mdomo-Gunia, mfalme wa wasimulizi. Kila filamu iliyoingia Bukavu, Gaston aliiona siku ya kwanza, na siku ya pili alisimama pale Nyawera, penye wauza bia, akaisimulia yote kwa mikono na miguu, akiwa farasi, akiwa risasi, akiwa mjane. Kwa sababu yake hata vipofu wa Bukavu waliijua Filamu ya Kitambaa.

"Basi nimekwisha," akasema Simba.

"Iko mutu mumoja," akasema Clémence polepole. "Lakini hautaweza."

"Sema! Nitamleta hata kama iko ndani ya mamba!"

"Iko kule kijijini Miti. Ni mama."

Simba akaketi chini ghafla. Kwani Venant, ambaye hakuogopa askari wala mbwa wa wazungu, alikuwa Mshi kwa kabila, na Mshi anajua: mama mkwe haangaliwi usoni. Hukai naye benchi moja. Humpiti karibu hata kanga yake ikugonge. Ukitaka kumwambia neno, unampa mke wako alibebe, hata kama mama amesimama pale pale na masikio yake yote mawili. Sasa Venant alitaka kumwona mtu akishtuka, na mtu mwenyewe ndiye yule mmoja duniani asiyeweza kumtazama!

"Mlete tu," alisema hatimaye. "Nitasikiliza nimempa mgongo."

Jumapili, baada ya misa, Maman Godelive wa Miti aliketi ndani ya nyumba ya Kadutu, mpana, mtulivu, rozari mkononi. Venant alisimama nyuma ya pazia, amevaa abacost ya rangi ya maziwa, akawahutubia wanawake wawili kwa kupitia kitambaa cha maua.

"Clémence! Mwambie mama kwamba leo mkwe wake anamwalika kwenye vita vikubwa vya nuru na giza!"

"Mama, anasema twende sinema."

"Nimesikia," akasema Maman Godelive. "Mwulize bwana yako: kule sinema, watu wanavaa nguo?"

"Mwambie wanavaa mpaka shingoni! Mwambie hata padri iko ndani!"

"Padri iko ndani?" Maman Godelive akasimama. "Ju ya nini hamukusema mbele?"

Wakashuka. Clémence na mama yake walitangulia. Venant alifuata kwa mbali, kama desturi inavyotaka, akitupa macho kulia na kushoto kama mlinzi wa hazina. Na walipoingia Nyawera, kati ya marundo ya ndizi na wapakizi wenye magunia vichwani, adui akainuka juu ya kasha la bia.

"Simameni!" alinguruma Gaston. "Mimi Gaston, niliyefanya watu walie bila kulipa mlangoni! Nimeambiwa kwamba katika mji wangu kumeingia mama hajaambiwa Kitambaa. Hajaambiwa! Ni haya kwangu. Ni kama mgeni kulala na njaa kwenye kijiji changu. Maman, karibu, aksanti kwa kuja, sikiliza: ule mwenye kufunika uso, usimuone vile, yule ni—"

Hapo, ndugu zangu, dunia ilining'inia kwenye uzi. Venant angefanya nini? Kumziba mama masikio kwa mikono? Afadhali akate mikono. Kumkimbilia Gaston? Njia ilikuwa moja tu, na ilipita hatua moja kutoka kanga ya mama mkwe. Upanga hakuwa nao. Hata mkasi aliuacha nyumbani. Lakini akili ya mshonaji hupita kwenye tundu la sindano. Akaanguka magoti katikati ya maganda ya ndizi, na abacost yake ya maziwa, akainua sauti iliyotikisa mizani za wauza maharagi:

"Salamu Maria, umejaa neema!"

Nani atasikia mwanzo huo asitoe mwisho wake? Maman Godelive aliipokea sala kama mtu anayedaka mtoto anayeanguka. Wauza ndizi wakaitika. Wapakizi wakashusha magunia. Na Gaston mwenyewe, aliyelelewa na masista na kupigwa nao kwa haki, alivua bereti bila kupenda, na kinywa kilichokuwa kimejaa siri kikajaa "Maria mutakatifu, Mama wa Mungu." Alipofika "Amina" akavuta pumzi: "Yule ni—"

"Salamu Maria!" alipiga Venant.

Lakini ushindi una miiba yake. Maman Godelive hakuwa mtu wa kuanza rozari na kuiacha njiani. Alipoishika, aliishika yote, na aliisali kama anavyolima, bila haraka. Venant akatazama jua. Akatazama barabara. Matinée haingoji mtu! Basi akaanza kutembea kwa magoti, halafu kwa miguu, akisali kwa mwendo wa askari, na umati ukamfuata, Gaston katikati yao akiwa mateka wa "utuombee", hata wakafika mlangoni pa jumba la sinema kama maandamano ya Ijumaa Kuu.

Mlinzi wa mlango akavua kofia. "Pole sana. Munamuzika nani?"

"Haiko mufu," Venant akasema kwa pumzi fupi, "iko matinée."

Ndani, hatari ilikuwa kubwa kuliko sokoni, maana watu wa Bukavu hawatazami filamu waliyoijua, wanaiongoza. Wanamwambia farasi pa kupita. Wanasema maneno ya mwigizaji kabla yeye hajafungua mdomo. Venant alipanda juu ya benchi la mbele, akageukia ukumbi, macho ameyainua kwenye dari ili yasianguke usoni pa mama.

"Raia! Wanaume kwa wanawake! Sisi wote tulikula hii chakula, tukalamba sahani, na leo tunakuja kunusa sahani. Ni nani hapa hatamani kuonja mara ya kwanza tena? Sasa, kati yetu iko mama mumoja. Sahani yake imejaa. Ninawaomba: mutu asiguse! Yule mwenye ulimi aukalie!"

"Na nikishindwa?" aliuliza sauti ya dhihaka kutoka nyuma.

"Ukishindwa, utakuwa umemkosea mukwe wangu!"

Neno hilo liliwapiga. Mzee mmoja wa Kabare akasimama, akapiga fimbo sakafuni: "Mukwe wa mutu ni mukwe wa batu yote. Kimya!" Na Gaston, Mdomo-Gunia, machozi yakimlengalenga kwa uchungu wa kazi yake, alikunja bereti yake na kuitia kinywani mwake mwenyewe.

Taa zikazimika.

Filamu ikapita katika ukumbi uliokuwa kimya kuliko kanisa. Venant peke yake alitazama pazia jeupe, kwa kuwa hakuwa na ruhusa ya kutazama penginepo. Wengine wote walikuwa wamegeuza shingo kumtazama Maman Godelive kwenye mwanga ule unaocheza. Alicheka, na ukumbi ukatabasamu. Kila mara padri wa kijiji alipotokea, mzee mpole mwenye ndevu, mama alifanya ishara ya msalaba, na watu wakajiuma midomo. Venant alisikia haya yote mgongoni, na moyo wake ukalia. Wote wanakula kwa macho, akafikiri, na mimi mwenye karamu nanusa ukuta! Cheche haikuwa imemrukia. Alijua yule kijana anayemsaka mwenye kitambaa atapanda kilima. Alijua ataingia kanisa lililobomoka. Alijua atapiga magoti mbele ya padri aombe baraka, bunduki ameiweka chini. Mfupa, mfupa, mfupa.

Kijana akapiga magoti. Padri akainua mkono kumbariki. Na kutoka kwenye mkono wa kanzu yake, polepole kama unyoya, kikaanguka kitambaa cheusi.

"Nyamuzinda, Mungu wangu!" Sauti ya Maman Godelive, iliyozoea kuita watu kutoka kilima hadi kilima, ilipasua giza. "We mutoto! Simama! Padri njo mwizi! Padri njo mwizi!" Na kwa kuwa mtoto yule alikuwa mpumbavu na hakusimama, mama alitwaa gunzi la mahindi aliyokuwa anatafuna, akalivurumisha kumwokoa.

Gunzi halikufika kwenye pazia. Lilimpata Venant kisogoni, sekunde ile ile bunduki ilipolia.

Hapo Simba wa Benchi la Mbele hakujua tena kitu. Hakujua padri ni nani, hakujua kijana anapona au anakufa, hakujua kama yeye mwenyewe ni mzima. Alipiga yowe, akaruka, akampiga jirani kichwa, akaanguka chini ya benchi, akafunika uso kwa mikono, na ukumbi wote, watu waliojua kila risasi kwa jina lake, ukasimama ukipiga mayowe pamoja naye: "Padri njo mwizi!" Gaston alitema bereti na kupiga kelele kuwazidi wote.

Taa zilipowaka, Clémence alimkuta mumewe sakafuni, kati ya maganda ya karanga.

"Venant! Umekufa?"

Akafungua jicho moja. Mikono yake ilitetemeka. Akaitazama ikitetemeka, na uso wake ukaanza kung'aa.

"Clémence," akanong'ona. "Niliogopa."

"Nini?"

"Niliogopa! Sikujua! Nilisahau yote!"

Gaston alipanda benchini, akapanua mikono. "Watu wa Bukavu! Nimesimulia filamu zote, lakini hii siwezi. Mutu ameona filamu moja mara ya kwanza mara mbili! Kuanzia leo, nani atafika hapo?"

Maman Godelive, akijifunga kanga yake upya, alimvuta binti yake. "Mwambie bwana yako aksanti. Lakini mwambie kesho nitarudi. Ninataka kuona kama ule padri ametubu."

Venant alipiga magoti, mgongo ukimwelekea mama mkwe kwa heshima yote. "Mwambie mama kwamba filamu inaondoka. Mwambie nitaomba wairudishe, hata kama ni kwa kuogelea mpaka Bujumbura!"

Kisha wakamwinua mabegani, wapakizi wa Nyawera na wazee wa Kabare, na abacost yake yenye madoa ya ndizi ikapepea kama bendera ya nchi isiyoshindwa. Wakampandisha barabara yote hadi Kadutu, wanawake wakipiga vigelegele, madereva wakipiga honi, na mji mzima ukiimba jina na tendo la shujaa wake, ili watakaozaliwa wajue kwamba Jumapili hiyo, mbele ya mashahidi, katika mwanga wa matinée:

"Ameogopa! Ameogopa! Venant ameogopa!"