Mbuzi Wangu Hawarudi Nyumbani Kabla Sura Haijaisha

Kiambere,
Jumapili, baada ya ibada.

Kwa Mwalimu Veronicah, msimamizi wa vitabu shuleni,

KUH: MBUZI WANGU KUSOMESHWA BILA IDHINI

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni babake Peninah wa Gredi ya Tano, yule ambaye akiambiwa asome mbele ya darasa hufunga mdomo kama mtu aliyeonjeshwa mwarobaini. Najua wenzake walimcheka. Lakini wewe ukampa kitabu cha hadithi na kumwambia awasomee mbuzi wetu, eti mbuzi hawacheki mtu. Sasa sikiliza matokeo:

1. Jua likishuka napiga mluzi, nao wananitazama tu. Hawaondoki malishoni mpaka sura iishe. Juzi sura ilikuwa ndefu, tukala githeri baridi.

2. Beberu amekula kurasa nne, kuanzia ya kumi na saba. Peninah hakulia. Alikaa akatunga mwenyewe yaliyoliwa, na mke wangu, aliyemsikia kwa mbali akiokota kuni, anasema hayo ndiyo matamu zaidi. Je, huyo aliyeandika kitabu tutamwambia nini?

3. Jirani yangu Gachoki naye analeta mbuzi wake, wananimalizia majani. Nikimuuliza, anasema hata wao wana haki ya elimu. Halafu anajibanza nyuma ya kichaka kusikiliza, na yeye si mbuzi.

4. Siku ya soko nilipeleka mmoja Kiritiri. Mnunuzi akasema mbuzi huyu amenyamaza mno, lazima ni mgonjwa. Nikamweleza kwamba amezoea kusikiliza. Mnunuzi akaenda zake bila kuaga.

5. Hili ndilo linaloniuma. Nikimwomba Peninah anisomee mimi hata mstari mmoja, ananyamaza. Jana nilienda malishoni nikachuchumaa katikati ya mbuzi, kimya kabisa. Akaniona, akafunga kitabu. Mwalimu, nawaonea wivu mbuzi ambao dawa yao ya kupe nanunua mimi. Mtu mzima, tena mzee wa kanisa.

Kwa hivyo naomba kitabu kirudi shuleni, Peninah akatazwe, na mbuzi wote wafukuzwe shule kwa maandishi.

Nisalimie walimu, mpishi na bawabu. Hata wale waliomcheka, wasalimie, lakini kidogo.

Ni mimi mfugaji mwenye uchungu,
Nthiga, Baba Peninah.

Nyongeza: Hati yangu hunishinda hata mimi kuisoma, kwa hivyo nilikuwa nasema, Peninah akiandika. Tulipomaliza nikamwambia aisome, nihakikishe hajapunguza kitu. Akasoma yote, mbele yangu, mamake na Gachoki aliyekuwa amefuata mbuzi wake. Alikwama mara mbili, tukangoja. Pale pa mnunuzi tulicheka, na wa kwanza kucheka alikuwa yeye. Kwenye namba tano alishusha sauti, lakini aliisoma mpaka mwisho.

Mwalimu, tafadhali usifanye hata moja kati ya hayo niliyoomba. Tuma kitabu kingine, kirefu. Mbuzi nitawaeleza mwenyewe.