Koti Litatundikwa Wapi?

Jumatatu, 3 Novemba

Gunnvor kaanguka tena mlangoni. Buti zangu, mwavuli wangu, ndoo yangu ya kuvulia samaki. Vyote vyangu, kasema, akiwa bado chini. Goti limevimba. Mke wangu anaendesha treni ya mjini, na goti hilo ndilo linalotulisha!

Kaniambia polepole, kwa sauti ile ninayoiogopa kuliko kelele, kwamba Jumapili mama yake anakuja kula. Mama Borghild hajakanyaga hapa tangu alipojikwaa kwenye buti hizo hizo mwaka jana. Kwa hiyo zinatakiwa kulabu za makoti, benchi la kuvulia viatu, na taa. Basi. La sivyo, baada ya chakula ataondoka na mama yake kwenda kwa dada yake Oddny, na mfuko wa nguo juu.

Kwa Oddny! Yaani kwa mumewe Eilert, mwanyumba wangu, ambaye ukumbi wake wa mlangoni ni mweupe kama maziwa, na una kijiti kimoja ndani ya chupa. Kijiti! Na watu wanakisifia.

Kulabu na benchi ni mambo ya chekechea. Nimechukua likizo. Eilert atanitambua.

Jumanne, 4 Novemba

Nimepaka ukumbi rangi nyeusi. Kuta, dari, mlango. Gazeti moja la mapambo linasema weusi huongeza kina. Kweli kabisa. Kina kimeongezeka hadi sijaiona swichi ya taa.

Gunnvor karudi kalowa chapachapa, kauliza makoti yako wapi. Nikasema kitandani. Na buti? Kwenye beseni la kuogea. Na yeye aoge wapi? Nikamweleza kuwa uzuri unataka subira. Kachukua mto wake, kaenda kulala kwenye kochi. Nimebaki na makoti.

Jumatano, 5 Novemba

Kioo! Hoteli moja ya zamani inafungwa. Nimejipatia kioo cha ukumbini mwao, kirefu kunipita, fremu ya dhahabu. Gari halipandi vichochoro vya mtaa wetu wa mlimani, Sandviken, kwa hiyo nimekibeba mgongoni kwenye mvua, kama konokono tajiri. Jirani kauliza kama nahama. Nikasema napanda cheo.

Kimeingia. Ila hakigeuki. Kimekwama kati ya ukuta na ngazi, kinautazama mlango, na mlango sasa unafunguka nusu. Gunnvor kaingia ubavu kama kaa, na goti lake bovu. Kauliza benchi litakaa wapi.

Swali la kichokozi.

Alhamisi, 6 Novemba

Madonge ya viazi na nyama ya chumvi, kama kila Alhamisi. Eilert katokea, eti anapita tu. Nani anapita tu mlimani, mvua yote hii? Kaja kupeleleza!

Nikamwambia atundike koti, koti lake jipya rangi ya krimu. Kulabu nilizibandika kwa gundi, maana kutoboa kungeharibu rangi. Katundika. Likashika! Tukakaa mezani nikampa somo la kina na vivuli. Akatafuna, akasema, "Pazuri, mwanyumba. Panafaa kwa msiba."

Kisha, puu! Koti, kulabu na ganda la rangi, vyote sakafuni. Mgongo mzima wa koti umeingia weusi. Eilert kasema si kitu, huku akitabasamu. Heri angenitukana. Gunnvor kachukua donge langu la mwisho, kamfungia Eilert aende nalo.

Jumamosi, 8 Novemba

Mfuko wa nguo uko kando ya kochi. Umefungwa.

Nimesukuma kioo tangu asubuhi. Hakisogei. Nikamwahidi Gunnvor kwamba nina mpango mwingine, mkubwa zaidi. Kasema hataki mpango, anataka pa kukaa avue viatu.

Jumapili, 9 Novemba

Tulikuwa jikoni, Oddny na Eilert wameshafika, sufuria ya kondoo na kabichi inatokota. Tukasikia mlango, halafu fimbo, halafu Mama Borghild anaongea na mtu. Macho yake siku hizi hafifu.

"Pita tu, bibi. Mimi sina haraka." Kimya. "Haya, basi tangulia wewe."

Gunnvor kakimbia. Mama yake kamshika mkono, kamnong'oneza, mnong'ono wa mtu asiyesikia vizuri, tukausikia sote.

"Gunnvor mwanangu, kuna bibi wa watu hapa gizani. Kalowa, kasimama na koti lake. Jamani, hamkumpa hata pa kukaa?"

Hakuna aliyecheka. Hata Eilert. Gunnvor kaleta kiti cha jikoni, kamkalisha mama yake, kapiga goti, lile bovu, kamvua buti. Mimi nikapewa koti. Hapakuwa na pa kuliweka. Nilikula kabichi kwa mkono mmoja.

Jioni wakaondoka wote. Na mfuko.

Jumanne, 11 Novemba

Gunnvor karudi! Na Oddny, na keekee ya Oddny. Wameung'oa mlango kwenye bawaba, kioo kikatoka chenyewe. Wametoboa ukuta, wamefunga kulabu, taa, benchi lenye nafasi ya buti chini yake. Nilikuwa nimewawekea kahawa. Walimaliza kazi kahawa ikiwa bado ya moto.

Baadaye nikaona soksi zake zinarudi kabatini. Ikabidi nitoke nje kidogo. Nilisema ni upepo umeniingia machoni.

Nimekaa kwenye benchi. Zuri. Jirani kapita, nikamwambia nimelibuni mwenyewe.

Ijumaa, 14 Novemba

Mama Borghild kapiga simu. Anaogopa kuteleza bafuni kwake, anaomba Gunnvor amfungie kitu cha kushikia. Gunnvor yuko kazini. Nikamwambia aniachie mimi.

"Chuma kimoja tu, Ingebrigt mwanangu. Kimoja."

Kimoja! Maskini, hajui bafu lile linaweza kuwa nini. Nimeshaulizia marumaru. Na chemchemi ndogo ya kuweka pembeni. Gunnvor asijue kwanza.