Saa ya Kinshasa Katika Kompyuta ya Likasi

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Barua ya pili ya kuchelewa! Kwa dakika ishirini na tano tu, tena kosa ni la mnyororo wa baiskeli. Chef Damas, mkuu wa wafanyakazi, amesema barua ya tatu ni kufukuzwa. Kila mtu kiwandani huweka kidole kwenye mashine ya getini saa moja asubuhi, na kompyuta inaandika saa aliyofika. Lakini kompyuta hiyo inakaa ofisini kwangu! Mimi, Ruphin, ndiye mtunzaji wake! Basi leo saa tisa, wote walipoondoka, nimerudisha saa yake nyuma kwa nusu saa. Firmin, ninayegawana naye meza, aliuliza mbona nabaki. Kwa nini aulize? Huyo huja kwa miguu na anafika kabla ya wote. Hilo peke yake linatia shaka.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimeponea chupuchupu. Jirani alianza kugonga mabati alfajiri, usingizi ukakatika, nikafika saa moja kasoro dakika mbili. Naangalia kompyuta: iko sawasawa na simu yangu! Nusu saa yangu imekwenda wapi? Bila yale mabati, leo ningekuwa sina kazi. Firmin alinisalimia kwa tabasamu. Tabasamu la nini? Jioni nimerudisha saa nyuma tena, kisha nikanyunyiza unga wa muhogo juu ya vitufe. Vidole vyake vitamsema.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimewahi makusudi ili nimkamate. Saa imenyooka tena! Unga haujaguswa hata kidogo. Kwa hiyo Firmin alifuta alama zake na kunyunyiza unga mpya. Mtu wa hatari! Mchana nimemwona akila bukari, ugali wa muhogo. Unga ule ule. Ushahidi kamili.

Nilimuuliza Mama Bibiane, fundi wa kompyuta, kwa ujanja: eti rafiki yangu ana kompyuta ambayo saa yake inachezewa na mwenzake. Akacheka. “Papa Ruphin, hakuna muntu. Masini inajirekebishaka yeye mwenyewe.” Akaeleza kwamba ndani kuna kerneli, kiini cha mfumo wote, na ndiyo inayohesabu sekunde. Kuna programu inayouliza saa sahihi kwenye mtandao. Ikiona saa imebaki nyuma, hairushi mbele mara moja. Kerneli inafupisha kila sekunde kidogo kidogo mpaka ifikie saa sahihi, ili rekodi zisivurugike. Saa inakimbia na hakuna anayeiona! Sijawahi kusikia hila kama hiyo.

Akaongeza kwamba kerneli haijui Likasi wala Kinshasa. Inahesabu sekunde tu, na eneo la saa, yaani saa ya mji gani ionyeshwe, ni vazi la macho yetu. Kinshasa! Wale wako nyuma yetu kwa saa nzima! Sitagusa sekunde hata moja. Jioni nimebadilisha eneo tu, kutoka Lubumbashi, ambayo saa yake ndiyo yetu Likasi, kwenda Kinshasa. Hapo hakuna cha kurekebishwa.

Alhamisi, 9 Oktoba

Ushindi! Nimeamka nimeshiba usingizi. Nimeweka kidole saa moja na dakika arobaini, kompyuta ikaandika saa kumi na mbili na dakika arobaini. Nimewahi kwa dakika ishirini! Firmin aliangalia saa ya ukutani, akaangalia kompyuta. Anapanga kitu.

Ijumaa, 10 Oktoba

Balaa. Sikufikiria kwamba watu pia hutoka. Jana wote walitoka saa tisa, kompyuta ikaandika saa nane. Ripoti ya asubuhi ilisema wafanyakazi mia moja arobaini na wawili wametoroka kazi, Chef Damas akiwa wa kwanza. Akaja amevimba: “Weye Ruphin, hata minye nilitoroka?” Nikasema labda ni virusi.

Bibiane akaitwa. Sekunde za kerneli zilikuwa sahihi muda wote, kwa hiyo akairudishia vazi la Likasi, na saa za kweli zikatoka zote. Yangu pia. Halafu akafungua rekodi ya mfumo: nani amebadilisha eneo? Ruphin, herufi zote sita. Nani amemfundisha kuangalia hapo? Najua.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimeitwa. Barua ya tatu ilikuwa mezani, imekwisha kuandikwa, bado sahihi tu. Niliogopa. Miaka tisa kazini, watoto wanne shuleni. Mlango ukafunguliwa: Firmin! Nikajua amekuja kunimaliza.

Akaniombea. Alisema kazi naiweza, usingizi tu ndio unanishinda. Alisema kuanzia Jumatatu atapita kwangu kila siku saa kumi na moja alfajiri kuniamsha, na nikichelewa tena, na yeye aandikiwe barua. Chef Damas akatia barua kwenye droo. Siku moja tu ya kuchelewa, akasema, ataitoa na kutia sahihi.

Jumapili, 12 Oktoba

Nimewaza misa nzima, hata mahubiri sikusikia. Mtu gani hujifunga na mwenzake bila faida? Anataka kupajua kwangu. Anataka kuhesabu usingizi wangu. Baada ya misa alinifuata akaniuliza nyumba yangu ni ipi. Nimemwonyesha ya mlango wa buluu, nyuma ya parokia. Mimi nakaa upande mwingine kabisa wa mji. Kesho atabisha hodi huko mpaka achoke, na mimi nitalala kwa amani.