Vita vya Bundi na Debe la Maji

Sogeeni, enyi wa Imenti na enyi wa Embu, niwasimulie vita nilivyopigana mimi Bundi, simba wa Kanyakine, mwenye uti wa mgongo uliopinda kama shingo ya kibuyu, katika miaka ile ya Hali ya Hatari, tulipofungiwa na Waingereza kijijini nyuma ya handaki, na lango likifunguliwa alasiri tu, kwa muda mfupi, ili wanawake wakateke maji.

Kisa ni goti la mama yangu, Kiende, lililovimba hata akaanguka mtoni. Baba alikuwa kizuizini, dada sina. Nikaapa kwamba mama hatashuka tena. Lakini mwanamume wa kwetu habebi mzigo mgongoni kwa ukanda wa kichwani. Huo ni ubebaji wa wanawake. Nikaazimia kulibeba debe begani, kishujaa, na kila asubuhi nyuma ya nyumba nikaliinua jiwe la kusagia, nikihema na kutokwa jasho, kuku wakinitazama kwa huruma. Misuli ilikuja, tena ya kuonekana. Ila bega la kushoto lilibaki chini kama zamani, na jiwe likateleza kila mara upande uleule, likitafuta kidole changu cha mguu.

Ikawadia siku ya mapambano. Nikashuka mtoni kwa majivuno, nikajitwika debe begani, nalo likanimwagia maji yote. Nikajaza tena, likanimwagia tena. Huko juu filimbi ya kufunga lango ikaanza kulia. Nikamkumbuka mama na midomo yake mikavu, nikaogopa kweli. Basi nikauchukua ukanda wake, niliokuja nao kwa kufungia debe tu, nikauvaa kichwani, nikainama. Kibyongo changu kikalipokea debe kama mgongo wa mama unavyopokea mtoto.

Nikakuta lango limeshafungwa, na homugadi Mutegi, mlinzi wa serikali, akauliza mbele ya watu wote tangu lini Bundi ameolewa. Njia nzima nilikuwa nikitunga hotuba ya kumfyeka adui wa namna hiyo. Nikasema:

"Fungua, Mutegi. Shingo inauma."

Akafungua.

Mama alikunywa, akanigusa kipaji cha uso, pale ukanda ulipoacha alama kama ya kwake. Nililia, sifichi.

"Kesho, mwanangu," akasema, "uniletee na kuni."

Basi na ijulikane hadi Nkubu na ng'ambo ya mito yote: siku ile debe moja liliingia kijijini likiwa limejaa, na aliyelibeba ni mimi.