Transfa ya Shemeji

Jumatatu, 2 Juni
Mvua. Nimekwama tena kwenye kilima cha matope kinachopanda hadi nyumba mpya ya mama mkwe. Mara ya tatu! Nikiwa nje nasukuma, Shemeji, kaka wa mke wangu, akapita. Pikapu ileile, rangi ileile, mwaka uleule. Akapanda kama yuko kwenye lami. Huko juu akapiga honi mbili. Ya kwanza salamu, naelewa. Ya pili ilikuwa ya nini?

Jumamosi mama mkwe anahamia. Ametangaza mbele ya ukoo mzima kwamba kabati lake la nguo litapandishwa na gari litakaloweza, na yeye atakaa mbele, kando ya dereva. Gari lipi, hakusema. Lakini alimtazama mwanawe. Mimi, miaka kumi na mmoja ndani ya ndoa, bado ananiita "huyu kijana".

Jumanne, 3 Juni
Nimegundua! Si udereva. Ni transfa, lile sanduku la gia la pili chini ya gari, linalogawa nguvu magurudumu ya mbele na ya nyuma. Leo Shemeji akiwa ndani anakunywa chai, nimejipenyeza chini ya gari lake na tochi. Transfa yake nyeusi, inavuja oili, imekomaa. Yangu inang'aa kama sahani ya wageni. Kitu kinachofanya kazi kinawezaje kuwa safi?

Shemeji akatoka, akakuta miguu yangu. Nikasema natafuta paka. Akanisaidia kumtafuta, dakika ishirini nzima. Hana paka. Wala sisi hatuna.

Jumatano, 4 Juni
Nimemshawishi Shemeji tupeleke magari yetu gereji pamoja, yakabadilishwe oili. Alipoondoka tu, nikamwambia Fundi Kimya abadilishe na transfa: yake kwangu, yangu kwake. Fundi, ambaye kwa kawaida husema maneno manne kwa siku, akafungua mdomo. "Transfa yako nzima, bosi. Tatizo huo mkono mdogo kando ya gia, wa kuiwasha, hujawahi kuuvuta." Nikamwambia mkono ule una kazi yake, huwa natundikia mfuko wa mikate.

Akauliza kama Shemeji anajua. Nikasema anajua. Si uongo, siku moja atajua.

Zikashushwa zote mbili. Nikazilinganisha kitaalamu: nikazinyanyua (kiuno!), nikazigonga kwa spana, nikazisikiliza kama mtu anayechagua tikiti maji. Yake inatoa sauti nzito. Fundi akasema hiyo ni sauti ya meno yaliyolika. Wivu tu.

Alhamisi, 5 Juni
Kiuno. Nimelala chali siku nzima. Mke wangu ameuliza nimebeba nini. Mzigo wa familia, nikamjibu. Hakucheka.

Jumamosi, 7 Juni
Sina hamu ya kuandika. Naandika.

Niliomba kabati lipakiwe kwangu. Shemeji akakubali bila ubishi. Mama mkwe akapanda mbele, mkoba mapajani. Kwa mara ya kwanza maishani nikauvuta mkono mdogo. Gari likapanda! Katikati ya kilima mama mkwe akaniita "mwanangu". Nimesikia kwa masikio yangu.

Kok! Mkono ukachomoka wenyewe kwenye gia. Injini inanguruma, gari linarudi kinyumenyume. Nikakanyaga breki, matope hayakuwa na habari. Tukateremka polepole, kwa heshima zote, mpaka mtaroni. Kabati likafunguka. Nguo za ndani za mama mkwe zikatapakaa barabarani. Ukoo mzima ukageuka kutazama mawingu.

Shemeji akatuvuta kwa mnyororo. Kabati likahamia kwake, na mama mkwe pia. Jioni Shemeji akasimulia kwa mshangao: miaka mitatu, kila akipanda kilima, huuzuia mkono ule kwa goti usichomoke. Leo umetulia tuli! Akampigia Fundi simu kumshukuru. Mbele yangu.

Jumapili, 8 Juni
Fundi Kimya si kimya tena. Kasema yote.

Shemeji amekuja asubuhi. Nilitegemea ngumi. Badala yake alicheka mpaka akaegemea ukuta. Akasema undugu ni kufaana, kesho twende gereji anirudishie transfa yangu, yaishe. Mke wangu akanikanyaga mguu chini ya meza, yaani nikubali.

Nikatafakari. Mtu ana transfa isiyochomoka, imempandisha mama mkwe na kabati lake, halafu anataka kuirudisha hivihivi? Hapana. Kuna ubovu ameugundua. Nikakataa, kwa adabu. Mke wangu akaweka mikono kichwani.

Ila nimemwomba tubadilishane difu ya nyuma, lile bonge la gia katikati ya ekseli. Yake ina kutu ya kuaminika. Amekubali haraka. Haraka mno! Hapo pia pananuka. Nikamwambia basi, nataka na ya mbele.