Mafukara wa Ipogolo

Shedrack alikuwa kwenye mgahawa ulio jirani na stendi ya Ipogolo, akila chapati ya mkopo, aliposikia mtu mwenye nyumba tatu akilalamika kwamba serikali haiwajali maskini.

Mlalamikaji alikuwa Mzee Tadeo, mfanyabiashara wa mchele wa Rujewa, na tumbo lake lilitangulia kufika kila alikokwenda. Tangazo lilikuwa limebandikwa mtaani: Ijumaa, kaya maskini zenye watoto wadogo zingeandikishwa kupata ruzuku, ili watoto waende kliniki na shule. Mwenye kaya aje na kadi za kliniki za watoto.

"Sisi tunaolipa kodi tumesahaulika kabisa," alisema Mzee Tadeo. Wenzake wawili, wenye maduka ya vifaa vya ujenzi, walitikisa vichwa kwa uchungu wa kweli.

Shedrack alifuta mafuta mdomoni. Alikuwa ametoka Chunya, alikouza dawa ya kuvuta dhahabu mpaka wachimbaji walipoacha kutafuta dhahabu wakaanza kumtafuta yeye.

"Shikamooni, wazee wangu. Mimi ni afisa uhakiki wa ruzuku. Nimekuja kimya kimya."

"Marahaba. Uhakiki wa nini?"

"Wa ufukara. Nyie wazee, shida yenu siyo mali. Shida yenu hamjapigwa picha vizuri."

Kwa laki mbili, alieleza, mtu angekuwa maskini kamili: nyumba mbovu, watoto wanne, fomu yenye muhuri. Mzee Tadeo aliomba apunguziwe, akidai yeye angekuwa maskini wa muda tu. Hakupunguziwa. Alilipa, na wenzake wakalipa haraka wasije wakaachwa nyuma katika umaskini.

Ikabaki kupata watoto. Wa Mzee Tadeo walishakuwa na ndevu. Shedrack alipanda kwenye vijumba vya juu kidogo, akamkuta Yunisi, mjane anayefua nguo za watu, mwenye watoto wanne na bati lenye matundu ya kutosha.

"Mama Goodness, bahati imekuja mlangoni. Nipe kadi za watoto nikazipitishe mapema. Jumanne tutakuja kupiga picha."

Yunisi alizitoa kadi chini ya godoro, zikiwa ndani ya mfuko wa nailoni. Alimpa kwa mikono miwili.

Jumanne mafukara walifika. Gari waliliacha mbali. Mzee Tadeo alikuwa amevaa shati lililotoboka, aliloazima kwa kuli wake, lakini manukato alisahau kuyaacha nyumbani. Alikaa kwenye kigoda, akakumbatia watoto wanne asiowajua, akaweka sura ya njaa. Alipomaliza, alivua shati akampa mwenzake, naye akaketi na watoto wale wale. Kisha wa tatu.

"Mama," aliuliza Marcelino, kitindamimba wa miaka mitano, "leo baba wako wangapi?"

Hapo ndipo Yunisi alipoelewa. Aliinamisha kichwa, akaendelea kufua, lakini masikio aliyaacha wazi.

Kwenye kusaini, Mzee Tadeo alisita. Fomu ilisema: *Mimi ni baba mzazi wa watoto hawa*, na majina ya wanne yakafuata.

"Mke wangu akiiona hii?"

"Ni karatasi tu, mzee. Tazama." Shedrack alichukua fomu nyingine, akabandika picha yake ya pasipoti, akasaini, akachovya kidole gumba kwenye wino, akagonga muhuri aliouchonga mwenyewe kwenye soli ya kandambili. "Haya, nimepata watoto wanne. Nimeumwa na nini?"

Wazee walicheka, wakasaini. Shedrack alikusanya fomu zao. Ile yake ya mfano ikabaki chini ya kigoda. Yunisi aliiokota akifagia. Aliishia darasa la saba, lakini kusoma alikuwa anajua.

"Afisa, kadi zangu?"

"Kesho, mama."

Kesho yake simu haikupokelewa. Alhamisi asubuhi ilikuwa imezimwa. Bila kadi, Ijumaa Yunisi asingeandikishwa, na hakujua tangazo lingine lingetoka lini. Alimfunga Marcelino mgongoni, akawashika wengine mikono, akashuka stendi, anakopitia kila anayekimbia.

Shedrack alikuwa ameweka mguu mmoja kwenye ngazi ya basi la Mbeya.

"Baba Goodness!" Yunisi alipaza sauti. "Unaondoka bila hata kuaga watoto?"

Stendi nzima iligeuka.

"Mama, umenifananisha."

"Nimekufananisha na nani, na picha yako hii hapa?"

Mkata tiketi aliipokea fomu, akaisoma kwa sauti. "Baba mzazi. Sahihi ipo. Kidole gumba kipo. Muhuri huu hapa." Kwa mara ya kwanza muhuri wa kandambili uliaminiwa bila swali.

Goodness, aliyekuwa na miaka kumi na mmoja na hakuelezwa lolote, alianza kulia kwa aibu. Marcelino aliteremshwa chini, na kwa kuwa wiki hiyo alishapewa baba watatu, hakuona tabu kumpokea wa nne. Alimkumbatia mguu.

Shedrack alifungua mdomo. Ukweli ungemwondolea watoto, lakini hatua nne kutoka pale alisimama askari anayekula muhogo. Akaufunga.

"Wanaume wa siku hizi!" alisema abiria mmoja, mama wa Kibena mwenye mabega mapana. "Serikali inahangaika na ruzuku kwa sababu yenu! Hapigwi mtu hapa. Atoe matunzo." Alimpokonya begi, akalifungua. Juu zilikuwa kadi nne ndani ya mfuko wa nailoni. Chini yake, noti.

"Kumbe hata kadi za watoto anakimbia nazo!"

Basi, kesi ikaisha. Yunisi alichukua kadi kwanza, akazikagua jina kwa jina, akazitia kifuani. Ndipo akapokea zile noti.

Mzee Tadeo, aliyekuwa ameitwa na kelele, alifika akihema na kuziona. "Hizo ni..."

Askari alimgeukia. "Ndiyo, mzee? Unamfahamu huyu?"

Mzee Tadeo alimtazama askari, akaitazama fomu, akamtazama Marcelino, ambaye alikuwa anamchekea kama mtoto aliyemwona mtu wa kwao.

"Hapana," alisema. "Nilikuwa napita."

Basi liliondoka na Shedrack, kwa kuwa tiketi alishakata. Yule mama wa mabega mapana alikaa kiti cha pembeni yake, akamfundisha malezi mpaka Mafinga. Hapo alinunua mahindi mawili ya kuchoma, akampa moja kwa huruma.

"Sasa niambie ukweli, mdogo wangu," alisema. "Na kule Mbeya umeacha wangapi?"

Shedrack alifumba macho, akajifanya amelala na hindi mkononi.